Mzigo wa Kujua

Msomaji mwenzangu, kuna swali limenikaa kooni kwa muda mrefu, na leo nimeamua kulitema hapa badala ya kuendelea kulitafuna peke yangu. Swali lenyewe ni hili: je, ni wema kumpa mzazi habari mbaya ya mwanawe kabla hata mtoto hajaanza kuumwa, huku mzazi huyo hana mahali pa kuipeleka habari hiyo? Usinijibu haraka. Wengi niliowauliza hapa Tabora walinijibu haraka. Nusu walisema ndiyo, nusu walisema hapana, na wote walikuwa na hakika. Hakika yao ndiyo iliyonitia mashaka.

Swali hili sikulibuni ili nipate cha kuandika. Limeletwa na sayansi, tena sayansi ya tone la damu. Kila siku seli za miili yetu zinakufa na nyingine zinazaliwa. Seli ikifa inapasuka, na vipande vya vinasaba vyake, yaani DNA, vinamwagika na kuelea kwenye damu. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Ufaransa, Mandel na Métais, waliandika kwamba wameviona vipande hivyo katika damu ya binadamu. Karibu hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa kama mtu anayesimama sokoni kutangaza kwamba barabarani kuna vumbi. Miaka ikapita, ndipo wanasayansi wakaelewa kwamba uvimbe wa saratani nao una seli zinazokufa, nao unamwaga vipande vyake, na kwamba vipande hivyo vinabeba alama ya ile kasoro iliyouzaa uvimbe. Basi, badala ya kumpasua mgonjwa na kukata kinofu cha nyama kikapimwe, unaweza kuchota damu kidogo na kuzitafuta zile alama. Kipimo cha namna hiyo ndicho wanachokiita biopsi ya majimaji.

Kwa mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo jambo hili si dogo. Fuvu si mahali pa kukata ovyo, na uvimbe mwingine hukaa kwenye shina la ubongo, palepale panapoendesha pumzi na mapigo ya moyo. Lakini ubongo una ukuta wake unaoutenga na damu, kwa hiyo alama za uvimbe wa ubongo zinazofika kwenye damu ya mkononi huwa chache mno. Ndiyo maana watafiti wamegeukia maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo huchotwa kwa sindano kiunoni. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya watoto ya St. Jude, Marekani, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya watoto waliotibiwa uvimbe wa ubongo uitwao medulloblastoma. Kwa nusu hivi ya wale ambao ugonjwa uliwarudia, alama zilionekana kwenye maji hayo miezi 3 au zaidi kabla picha ya MRI haijaonyesha kwamba uvimbe umerudi.

Miezi mitatu! Hebu fikiri. Mtoto anacheza mpira, anagombea mnofu na wenzake, anaimba shuleni, na wakati huohuo ndani ya kichupa kuna habari yake ambayo yeye na mama yake hawana. Na miezi mitatu, kwa sisi wa huku, ina maana ya pekee. Ndio muda ambao misafara ya zamani iliuhitaji, njia ikiwa nzuri, kutoka Bagamoyo mpaka hapa Unyanyembe. Kwa maneno mengine, sayansi imeweza kumpa mzazi habari mapema kwa kiasi cha msafara mmoja mzima. Swali ni kwamba msafara wenyewe upo?

Najua tayari yuko msomaji anayeguna: "Wewe kijana, mambo ya Marekani yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, kwa sababu vichwa vya watoto wetu vimeumbwa kama vya wengine. Tuitazame njia ya mtoto wa Tabora. Dalili huanza kama mzaha. Kichwa kinamuuma akiamka asubuhi, anatapika, halafu mchana anakuwa mzima. Wiki zikipita anaanza kuyumba kama aliyekunywa, au jicho moja linakwenda kando. Kwanza itasemwa ni malaria, maana huku malaria ndilo jina la kwanza la kila kichwa kinachouma. Akikakamaa na kutupa miguu, itasemwa ni degedege, na degedege lina waganga wake. Simcheki mtu. Mama anayefuata jina alilopewa na bibi yake anafanya anachoweza kwa elimu aliyonayo. Lakini siku zinakwenda. Akifika Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, na daktari akashuku ubongo, hapo ndipo safari yenyewe inaanza: Mwanza kwa Bugando, au Dar es Salaam kwa Muhimbili, kwa MOI ambako kuna mabingwa wa upasuaji wa ubongo, na kwa Ocean Road kwenye mionzi. Kwa reli ya kati, kutoka stesheni yetu hadi Dar ni kilomita 840 hivi. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na haikwenda mbali sana na mapito yaleyale ya misafara.

Wala tusidhani kwamba biopsi ya majimaji ni ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Iko saratani nyingine ya watoto, ya Burkitt, ambayo imeshaleta kipimo hiki karibu na mlango wetu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyefanya kazi Kampala, aliiandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Seli za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili tu. Hesabu mwenyewe: jibu la kinofu likichelewa wiki nne, unazungumzia mtoto mwingine kabisa na yule aliyekatwa kinofu. Kwa sababu hiyo watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Uganda ikiwamo hospitali ya Lacor iliyoko Gulu, walianzisha utafiti uitwao AI-REAL. Walitaka kuona kama damu kidogo inaweza kuharakisha jibu kwa watoto na vijana wenye saratani za namna hiyo. Kwa hiyo ninapouliza swali langu siulizi habari za mwezini. Nauliza jambo ambalo limeshafika pwani na, kama kawaida ya vitu vilivyofika pwani, litapanda bara.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaosema bora kutojua.

Ya kwanza nilipewa na mzee mmoja wa Ng'ambo, mstaafu wa reli. Nilimwamkia, akanisogezea kigoda, nikamweleza habari yote ya damu na vinasaba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate kando, akasema:

"Mwanangu, babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Unajua mpagazi alikuwa anaogopa nini? Si simba. Alikuwa anaogopa mzigo usio na mwenyewe. Umeubeba, umefika, hakuna wa kuupokea, na kuutupa huwezi. Sasa hiyo habari yenu, ukimtwisha mama wa watu, ataitulia wapi?"

"Lakini mzee, si bora ajue?"

"Bora kwa nani? Mtoto anacheza. Mwache acheze."

Vijana wengi wangemcheka mzee huyu, kwamba amepitwa na wakati. Mimi sikucheka. Mwanafalsafa Kant wa Ujerumani alishikilia kwamba kusema kweli ni wajibu, hata mbele ya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Sawa. Lakini Kant aliishi karibu maisha yake yote katika mji mmoja, Königsberg, na hakuwahi kusafiri usiku kucha na mtoto anayetapika mapajani. Mzee wa Ng'ambo anajua kitu ambacho vitabu vinakisahau, nacho ni kwamba habari ina uzito. Ukishamwambia mama kwamba ugonjwa umerudi, kila kikohozi cha mtoto kinakuwa kengele. Mchezo wa mtoto hauwi mchezo tena machoni pake. Umempokonya miezi mitatu ya amani, na kama huna cha kumpa badala yake, umemwibia.

Hoja ya pili ni ya kijiweni. Wenzangu wananiambia hizo ni anasa. "Zahanati nyingine panadoli inakata, wewe unaleta habari za vinasaba. Acha usomi bwana!" Hoja hii nayo ina meno. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kuwafikisha angalau 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Pengo hilo, lakini, halitokani na damu ya watoto wetu. Linatokana na njia: ugonjwa kutambuliwa umechelewa, kutambuliwa kwa jina jingine, dawa kukosekana, wazazi kuishiwa nauli na kurudi nyumbani katikati ya matibabu. Kwa hiyo kipimo kinachopunguza ucheleweshaji si anasa. Anasa ni kununua kipimo na kuacha kununua kitanda.

Hoja ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo kongwe kuliko zote: "Wanatuchukulia damu." Katika mji huu msemo huo una historia. Njia inayopita hapa ilitoa pembe za ndovu, ikatoa na watu waliofungwa minyororo. Vilivyorudi vilikuwa shanga, vitambaa, nyaya za shaba na bunduki. Nani anaweza kutushangaa tukiuliza kinachotoka kinakwenda wapi?

Tena mfano upo, na ni wa haki kuusimulia wote. Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford mwaka 1961, wakasafiri kiasi cha maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa ule upo na ni wapi haupo. Wakati huohuo vinofu vya uvimbe vya watoto wa Uganda vilikuwa vinapelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Siku moja ndege ilizuiwa na ukungu ikaenda kutua Manchester, kichupa kikachelewa, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mwingine angekitupa. Epstein alitazama akakuta si uozo, ni seli za uvimbe zilizo hai, zinaelea zenyewe. Kutoka hapo, mwaka 1964, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho leo kinajulikana duniani kote kama Epstein-Barr.

Kirusi kikapata majina ya waliokiona. Mtoto aliyetoa kinofu hakuingia kwenye jina. Lakini upande wa pili nao lazima usemwe: Kampala katika miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa mahali palipoionyesha dunia kwamba dawa zinaweza kumponya mtoto mwenye saratani. Kitu kilitoka hapa, na kitu kilirudi hapa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila kichupa kinachovuka bahari ni wizi, wala siwezi kusema kwamba kila anayeuliza ni mshamba. Anayeuliza amefundishwa kuuliza na barabara yenyewe.

Nilikuwa bado nazipima hoja hizi tatu pale jambo lilipotokea mtaani kwetu. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, alianza kuyumba. Nyumba ile ilikwenda njia yote niliyoieleza: malaria, degedege, halafu hospitali moja kubwa, ambayo siitaji kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Kule walimpiga picha, wakamchoma sindano kiunoni, wakachukua maji. Mama akaambiwa majibu yatakuja, aache namba ya simu. Akaacha namba ya kaka yake, maana yeye simu hana. Wakarudi nyumbani kungoja. Walingoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili, wakangoja mpaka neno "majibu" likawa kama jina la ndugu aliyeko safarini. Mtoto akafariki. Simu ilikuja baada ya arobaini. Sauti ilisema kwa adabu kabisa: majibu yametoka, mleteni mtoto aanze matibabu.

Mimi nilikuwepo uani kaka mtu alipoleta salamu hiyo. Mama hakupiga kelele. Alikaa kimya, kisha akasema maneno mawili matatu tu: "Kumbe lilikuwa na jina." Na baadaye kidogo: "Kumbe kuna mtu alikuwa analijua."

Maneno hayo yaliugeuza mjadala wangu wote chini juu. Mzee wa Ng'ambo aliogopa kwamba mama ataumizwa na kujua. Huyu hakuumizwa na kujua. Aliumizwa na kwamba habari ya mwanawe ilikuwepo duniani, imeandikwa, imekaa mezani kwa mtu, na haikutembea. Tunapouliza "ajue au asijue" tunasema kana kwamba kujua ni taa, ama imewashwa ama imezimwa. Sivyo. Kujua ni mzigo ulioko njiani. Kuna aliyeuchukua, kuna anayeungoja, na kuna mahali ulipokwama.

Wenyeji wa Tabora tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Pale Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, wageni wanakwenda kuona alikokaa Livingstone. Wengi hawasimuliwi habari ya mfuko wa barua. Mfuko huo ulitengenezwa Zanzibar ukiwa na tarehe ya 1 Novemba 1870, barua za Livingstone ndani, naye akiwa huko Ujiji na mbele ya Ujiji, anangoja. Msafara uliopewa mfuko ukakaa Bagamoyo miezi kadhaa bila kuondoka. Ulipoondoka ukafika hapa Unyanyembe mwaka 1871, ukakwama tena, maana Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley aliukuta hapahapa, akauchukua, akazunguka kusini, akamkabidhi mwenyewe Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Mwaka mzima hivi! Barua zilikuwa zimeandikwa, wino umekauka, kila kilichotakiwa kujulikana kilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa umeegemea ukuta wa tembe la Kwihara. Je, unaweza kusema Livingstone "hakujua" kwa sababu elimu haikuwepo? La hasha. Elimu ilikuwepo Tabora. Ilikosa miguu.

Basi hili ndilo jibu nililolifikia, na ninalitoa ili wenzangu mlipige nyundo mkiona limepinda. Anayemchoma mtoto sindano na kuchukua damu yake, au maji ya uti wake wa mgongo, ametoa ahadi. Hata kama hakutamka neno. Kipimo si swali ambalo mganga anajiuliza mwenyewe. Ni mzigo aliojitwisha, na mwenye mzigo ni mtoto. Akijitwisha bila njia ya kurudisha jibu, au anarudisha jibu bila kuwa amefikiria jibu hilo litafanya nini, kosa lake halianzi siku ya kuchelewa. Lilianza siku ya sindano.

Siwazi haya kutoka hewani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua sheria hii. Walibeba frasila mbili, yaani ratili 70, mabegani kwa miezi, na walikuwa na heshima ya kazi yao. Kabla ya kuinua mzigo walipatana: ujira, posho, na unakokwenda. Aliyeinua mzigo amekubali. Na aliyeumwa njiani hakuwa mtu wa kutupwa tu, maana barabara hiyohiyo ilizaa utani kati ya Wanyamwezi na watu wa njiani na wa pwani kama Wazaramo. Utani huo ulikuwa matani mdomoni, na chini yake kulikuwa na wajibu mzito wa kumpokea mgeni, hata kumzika. Najua barabara hiyo ilikuwa na unyama mwingi pia, nimeshausema. Lakini katikati ya unyama huo watu wa kawaida walijitungia haki za safari. Ikiwa wao waliweza, wakiwa peku, sisi wenye simu mkononi na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, tunashindwaje?

Hapo mzee wangu wa Ng'ambo atanikatiza: "Na kama dawa haipo kabisa?" Hilo ndilo swali gumu, nisilikwepe. Upo uvimbe wa shina la ubongo la mtoto ambao hata Marekani na Ulaya hawana tiba ya kuuponya. Mionzi huupa nafuu ya muda, na watoto wengi hawamalizi hata mwaka mmoja au miwili tangu utambuliwe. Kwa mtoto kama huyo, jibu la mapema lina faida gani?

Nimefikiri sana hapa, na nadhani faida ipo. Tazama watu wanavyofanya wasipojua. Wanauza ng'ombe, wanauza shamba, wanazunguka kwa mganga huyu na hospitali ile, mtoto anatingishwa kwenye mabasi mpaka nguvu ya mwisho inaishia stendi ya mji wa watu. Anayejua anaweza kuchagua. Anaweza kukataa safari isiyo na maana. Anaweza kumrudisha mtoto nyumbani msimu wa maembe, akae na bibi yake, akadai dawa ya maumivu bila kuona haya. Na dawa ya maumivu si ndoto: Uganda tangu mwaka 1993, Hospice Africa ikiongozwa na daktari Anne Merriman, walionyesha kwamba mofini ya kunywa inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kupelekwa mpaka nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo ahadi ya kipimo si lazima iwe "tutamponya". Inaweza kuwa "hatutawaacha mkizunguka". Lakini hiyo nayo ni ahadi, ina gharama, na lazima mtu aibebe. Mzee ana haki asilimia mia kwamba habari bila mpokeaji ni ukatili. Ninachokataa ni dawa anayoipendekeza. Yeye anasema tusitume mzigo. Mimi nasema tumtafute mpokeaji kwanza.

Na hapa nawageukia ninyi wenzangu mnaoandika, maana gazeti hili ni letu. Tunapenda sana kuandika mapenzi na maisha magumu ya jiji, na si vibaya. Lakini nenda kasome karatasi ambazo wazazi wanawekewa mbele watie sahihi au dole gumba. Kuna nyingine Kiswahili chake kimetafsiriwa kana kwamba anayesoma ni mashine. Ahadi iliyotolewa kwa lugha ambayo mpewa haielewi si ahadi, ni kelele. Nani atamweleza mama wa Isevya kwamba ndani ya maji haya tunatafuta vipande vya seli zilizokufa, kwamba tunaweza tukaviona na tunaweza tusivione, kwamba tusipoviona haina maana kuwa amepona? Daktari hana muda. Mtafiti anaandika kwa ajili ya watafiti. Kazi ya kutafuta maneno ni ya watu wa maneno, na kama sisi si watu hao, basi tujiulize tunajiita waandishi kwa sababu gani.

Mimi nimeanza na maswali matatu, nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na dada mmoja muuguzi hapa mjini amekubali kuyasoma kwa sauti mbele ya kina mama wakiwa kwenye foleni. Si mashairi. Ni maswali ya mpagazi kabla hajainua mzigo, na mzazi yeyote ana haki ya kuyauliza kabla mkono wa mwanawe haujafungwa mpira:

Damu hii inakwenda wapi?

Jibu litarudi lini, na litaletwa na nani?

Likirudi baya, mtatufanyia nini?

Ndugu msomaji, nilikuambia mwanzoni usinijibu haraka. Sasa unaweza. Na ukikutana na mganga, mtafiti au kiongozi ambaye hana jibu la swali la tatu, usimtukane. Muulize tena, na umwombe ashushe sindano mpaka awe nalo.